Ufunguo wa Arobaini na Nne

9 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Najua unapenda barua ianze na dhumuni lake, kwa hiyo dhumuni la hii ni kulalamika. Umekataa kupokea simu zangu mpaka nimalize majaribio ya kazi, eti kwenye simu nasema "niko sawa, Mama" kisha nasingizia mtandao. Haya, nimekubali, tunaandikiana. Lakini ujue nimezunguka ofisi nzima nikitafuta kalamu. Watu kumi na wawili, kompyuta ishirini na kitu, kalamu moja, nayo imefungwa kwa uzi kwenye meza ya katibu. Naandika nimeinama hapo kwake na yeye anasoma kila neno. Anakusalimu.

Umeniuliza nafanya nini hasa, maana majirani wakikuuliza unajibu "mambo ya kompyuta" na unaona aibu. Sikiliza basi. Watu hutuletea picha na nyaraka zao tuwatunzie. Kabla ya kutunza, programu yetu moja tunayoiita Mpokezi hufungua kila kilicholetwa na kukitengenezea picha ndogo ya kuonyesha. Mpokezi anaishi ndani ya kompyuta inayoendeshwa na mfumo uitwao Linux, na humo kila programu inayofanya kazi ina jina na mamlaka yake. Mwenye mamlaka yote anaitwa ruti. Ruti hapigi hodi. Anafungua lolote, anafuta lolote, na hakuna wa kumwuliza.

Mpokezi lazima aamke akiwa ruti, kwa sababu kuna milango ambayo ruti peke yake ndiye anayeweza kuifungua. Akishaifungua, anatakiwa ajivue mamlaka yote, awe mtumishi wa kawaida, ajifungie kwenye kizimba, ndipo aguse picha ya mtu. Picha zenyewe zinatoka kwa watu tusiowajua, na mwenye nia mbaya anaweza kuunda picha ya kumteka anayeifungua. Akimteka ruti, tumekwisha. Akimteka mtumishi aliye kizimbani mikono mitupu, amchukue tu, wakae naye humo.

Kazi niliyopewa ni huko kujivua. Majaribio yangu yanaisha tarehe 30 Juni. Mkaguzi akiipitisha kazi kabla ya siku hiyo, nimeajiriwa. Asipoipitisha, wananishukuru na mimi nabeba begi narudi kwako. Mkaguzi mwenyewe ni mzee mmoja mkimya, tunamwita Bwana Rudia, maana ukimpelekea kazi anaisoma mstari kwa mstari, halafu anaandika neno moja: "Rudia." Haelezi kosa. Na hapa kuna desturi kwamba aliyerudishiwa kazi anachemshia ofisi nzima chai. Birika lina mpini uliofungwa kwa utepe wa gundi na linaunguza.

Kila nikilitaja neno ruti nakuona wewe na zile pete zako tatu za funguo, na mimi na sare ya shule kwenye benchi la getini pa chuo, nikingoja uniletee ufunguo wa nyumbani. Sasa umestaafu, nani anazishika?

Kitinda wako


17 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Mwambie huyo katibu nami namsalimu, na mwambie pia asome barua zake.

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu kwa miwani. Nimeelewa kila kitu isipokuwa jambo moja. Nimefanya kazi chuoni miaka thelathini na moja, nimeona wakuu wa chuo sita wakija na kuondoka, na sijaona hata mmoja aliyejivua mamlaka kwa mkono wake mwenyewe, tena mapema, kabla hata ya kuanza kazi. Kama mnaifundisha kompyuta tabia hiyo, basi mkimaliza mje muwafundishe na watu.

Mimi niko salama. Leo ni wiki ya tatu tangu waniage. Walinipa saa ya ukutani. Mtu unamwambia hana tena haja ya kuwahi, halafu unampa saa! Naitazama tu inavyohangaika pale ukutani. Asubuhi naamka saa kumi na moja kama kawaida, nafagia, nikimaliza kufagia naona bado ni saa kumi na mbili kasoro.

Funguo ziko salama, usiwe na wasiwasi. Aliyechukua nafasi yangu ni binti mdogo, mtaratibu, anaongea kama anaogopa kumwamsha mtu. Nimemwita Binti Mpya, na ninavyoona ataitwa hivyo hadi naye astaafu.

Nina swali kuhusu huyo Mpokezi wako. Akisema ameacha mamlaka, nyie mnajuaje? Mtu akikwambia hana kitu, unamwamini au unampekua?

Mama yako


2 Mei

Mama,

Shikamoo. Swali lako nililipeleka ofisini, wakacheka, kisha kila mmoja akageukia kompyuta yake.

Nimeshamaliza. Nilifanya hivi: kwanza nilimvua Mpokezi uruti, akawa mtumishi. Kisha nikamtoa kwenye vikundi. Sikukueleza habari ya vikundi. Mbali na jina lake, programu inaweza kuwa mwanachama wa vikundi, na kila kikundi kina makabati yake ambayo mwanachama hufungua bila kuuliza. Mpokezi huamka akiwa mwanachama wa kikundi cha stoo, kwa sababu kuna orodha humo anayoisoma mara moja tu. Lakini kabati hilo hilo ndilo lenye picha za watu wote. Kwa hiyo uanachama wa stoo nao lazima autupe.

Mwisho nikamlisha kiapo kwamba yeye na watoto wake wote, yaani programu atakazozianzisha, hawatapata tena mamlaka mapya mpaka wafe. Nikamfunga kizimbani. Nikamwuliza, "Wewe nani?" Akajibu, "Mtumishi." Nikajipigia makofi peke yangu.

Bwana Rudia ameipenda. Kazi imepita. Nitaandika zaidi nikipata nafasi, kuna pilikapilika.

Kitinda


13 Mei

Kitinda wangu,

Hongera! Nimewatangazia majirani wote, hata yule asiyenisalimia. Sasa nikiulizwa najibu, "Binti yangu huzivua programu mamlaka," na hakuna anayethubutu kuuliza swali la pili.

Ila hiyo barua ilikuwa fupi sana kwa mtu aliyefurahi. Ulipofaulu darasa la saba uliongea mpaka nikakuomba ulale. Lakini pengine ukubwa umekuingia, basi sawa.

Huku hakuna jipya. Siku zinakwenda vizuri kuliko nilivyodhani, watu hawajanisahau. Juzi fundi wa bomba alikuja nyumbani, jana mtu wa maabara. Jumamosi kwaya ya mwalimu mmoja wa useremala ilikuwa na mazoezi, nikaenda kuwafungulia ukumbi wa chuo, nikakaa viti vya nyuma nikasikiliza. Sauti ya kwanza wako vizuri. Sauti ya pili wanahitaji maombi.

Kula vizuri. Chai si chakula.

Mama yako


20 Mei

Mama,

Shikamoo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia hapa. Kazi haijapita. Bwana Rudia hajaipenda. Ilirudishwa siku ile ile niliyokuandikia, na tangu hapo imerudishwa mara nyingine sita. Nimechemsha chai mara saba. Sasa naweka tangawizi na wenzangu wameizoea, naona kabisa wananiombea nianguke. Kijana wa dirishani juzi aliniuliza kama napeleka kazi leo au aende akanunue soda.

Nisamehe. Ulikuwa umefurahi kabla hata hujafungua bahasha, nilijua, nikashindwa.

Kinachoniumiza ni kwamba sioni kosa. Namwuliza Mpokezi yeye ni nani, anajibu mtumishi. Kizimba kimefungwa. Kiapo kimeapwa. Mara ya saba nilimfuata Bwana Rudia mezani kwake nikamwomba anionyeshe tu mstari. Akavua miwani, akaniambia, "Mwenye macho haambiwi tazama, binti yangu." Lakini akanionyesha kitu kimoja. Alimwomba Mpokezi wangu, akiwa kizimbani, akiwa mtumishi, alete picha ya mtu kutoka stoo. Akaileta! Papo hapo, tena kwa adabu. Nilitamani sakafu inimeze. Mtu yeyote mbaya angeweza kuchukua picha za watu wote kupitia mlango wangu mimi.

Zimebaki siku arobaini na moja. Sitaki kurudi nyumbani na begi, Mama. Si kwamba sitaki kuja kwako, nataka kuja nikiwa mgeni mwenye zawadi.

Na sasa nikuulize nawe, maana nimeirudia barua yako safari nzima ya basi mpaka nikapitiliza kituo. Jumamosi uliwafungulia ukumbi kwa ufunguo gani?

Kitinda wako mwongo


29 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na umesamehewa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika nyumba yetu naona tumekuwa wafichaji wawili. Keti, hii ni ndefu.

Funguo ninazo mimi. Zote arobaini na tatu. Nilipokuandikia kwamba ziko salama sikusema uongo, ziko kwenye mkoba wangu mweusi, nyuma ya mlango wa chumba changu.

Ilikuwa hivi. Siku ya kuniaga, saa tatu asubuhi, katibu wa mkuu wa chuo aliniita akaniomba kitambulisho. Akakikata kwa mkasi mbele yangu, ndio utaratibu, na jina langu likafutwa kwenye orodha ya getini. Nikaona ni sawa, tumalize mambo ya karatasi kwanza. Zikaja hotuba, ikaja soda, ikaja saa ya ukutani. Watu walipotawanyika nikachukua pete zangu tatu nikaenda kukabidhi kwenye chumba cha funguo kando ya geti, ambako ndiko kuna kitabu cha makabidhiano. Mlinzi akanizuia mlangoni. "Mama, kitambulisho." Nikamwambia unajua kimekatwa. Akasema, "Ndiyo, Mama. Kwa hiyo huwezi kuingia."

Nikamgeukia kwa ukali. Naye maskini akaninyooshea kidole karatasi iliyobandikwa ukutani: asiye na kitambulisho haingii chumba cha funguo, awe nani. Na nyingine chini yake: funguo hazikabidhiwi popote isipokuwa ndani ya chumba hiki, na kitabu hakitoki. Mwandiko ni wangu. Sahihi ni yangu. Niliziandika miaka kumi na tisa iliyopita na huyo mlinzi nilimfundisha mwenyewe.

Basi nataka kukabidhi, na nilichokuwa nacho cha kuniruhusu kukabidhi ndicho nimekitoa kwanza. Katibu alikuwa ameshaondoka. Nikasema Jumatatu. Jumatatu hakuna aliyeuliza, Binti Mpya alikuwa amepewa nakala za akiba na kila mtu akaona mambo yanakwenda. Jumanne fundi wa bomba akanijia nyumbani: "Mama Funguo, niazime wa mnarani, yule binti bado hajajua upi ni upi." Nikampa. Nitakwambia ukweli, Kitinda, nilimpa nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu waniage. Mlango wangu ulikuwa umegongwa. Nikaacha kuitafuta hiyo Jumatatu.

Sasa ya kwaya. Mwalimu wa useremala alikuja na heshima zake zote, sikuuliza kitu, nimemjua miaka minane. Wiki iliyopita nikakutana na mlinzi sokoni, akaniambia yule mwalimu aliacha kazi chuoni tangu Januari! Kwaya yenyewe ni ya mtaani kwake. Jumamosi tatu wameimba ukumbini, wamehamisha mabenchi, wamevunja kioo kimoja cha dirisha. Mkuu wa chuo amemtaka Binti Mpya aandike barua ya kujieleza, kwa sababu kwenye karatasi ni yeye peke yake mwenye ufunguo wa ukumbi. Mlinzi anasema binti huyo alilia kwenye kibanda cha getini, kimyakimya, kama anavyoongea.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilipokuwa ofisini nilimfukuza mtu kwa ufunguo mmoja wa choo.

Sijui nianzie wapi kurudisha. Siwezi kuingia.

Mama yako, Mama Funguo


4 Juni

MAMA!

Shikamoo. Naandika nimesimama, katibu amekata uzi wa kalamu kwa hiari yake.

Kosa langu ni kosa lako. Ni lile lile, hata halijabadilisha nguo! Kumtoa mtu kwenye vikundi ni kazi ya ruti peke yake. Mimi nilimvua Mpokezi uruti kwanza, nikakata kitambulisho kwa mkasi, halafu ndipo nikamwambia mtumishi aende akakabidhi uanachama wa stoo. Mfumo ukamzuia mlangoni: huna ruhusa. Kwa hiyo akabaki nao. Akaingia kizimbani na stoo mkobani, akaapa kiapo na stoo mkobani. Na nilipomwuliza yeye ni nani akanijibu mtumishi, na ni kweli, kama wewe ulivyo mstaafu kweli. Nilimwuliza jina. Sikumpekua. Na wewe uliniambia tangu Aprili nimpekue!

Kuna baya zaidi. Mfumo ulipomkatalia, ulisema. Huwa unatoa jibu kila unapoombwa kitu, ndiyo au hapana. Mimi sikuandika popote kwamba jibu lisomwe. Mpokezi akaambiwa hapana, akaendelea na kazi akipiga mluzi. Ofisi yenu nayo ilikuwa hivyo hivyo, Mama. Mlinzi alikwambia hapana na hakuna aliyemwuliza siku ile ilikuwaje.

Nimepanga upya mistari minne. Vikundi kwanza, uruti baadaye. Kila hatua isome jibu lake, na likiwa hapana, Mpokezi afe pale pale asiguse picha yoyote. Mwisho nimeongeza jaribio: akishakuwa mtumishi, ajaribu kujirudishia uruti, na ajaribu kufungua stoo. Akikataliwa kote, ndipo aanze kazi.

Nawe fanya hivyo hivyo. Waambie wakuandike kama mgeni wa Binti Mpya, wageni hupewa kadi ya muda, sheria hiyo pia uliiandika wewe, nakumbuka wageni wakipita mbele ya benchi langu na kadi shingoni. Ingia na kadi, kabidhi funguo, toa kadi mwishoni. Usianze kwa kutoa kadi! Kisha jaribu kurudi ndani uone kama watakukatalia.

Mwambie mkuu wa chuo ukweli wote. Najua ni kazi ngumu kuliko yangu.

Kitinda wako


12 Juni

Kitinda,

Nimefanya. Jana, kwa mpangilio ulioniandikia, barua yako nilikuwa nayo mkononi.

Kwa mkuu wa chuo nilikaa dakika kumi. Nilisema yote, hata ile furaha. Alitaka kucheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Barua ya kujieleza ya Binti Mpya ameirarua mbele yangu. Kioo nitakilipia mimi, na yule mwalimu wa kwaya ameahidi kuja kukikata na kukiweka, angalau ajue kioo nacho kinauma mkono kama msumeno. Binti Mpya hakunikasirikia. Ningefurahi angekasirika kidogo. Alinishika mkono tu akasema, "Karibu ofisini kwako, Mama," nami nikamsahihisha: kwako.

Tukaingia chumba cha funguo, nikaweka pete tatu mezani, nikatia sahihi kitabuni, funguo arobaini na tatu, tarehe, saa. Nikatoka. Kadi ya mgeni nikampa mlinzi mwisho kabisa.

Na hilo jaribio lako la kurudi ndani, nalo nimelifanya. Nimekataliwa. Mengine kuhusu hilo sisemi leo, nimechoka na mgongo unaniuma.

Wewe je? Umepeleka kazi?

Mama yako


19 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Keti.

Nilipeleka Jumatatu. Jumanne kimya. Jumatano Bwana Rudia akaja mwenyewe kukaa kwenye kiti changu, akaniambia nisimame nyuma yake. Akamwomba Mpokezi alete picha kutoka stoo. Akakataliwa. Akamshauri ajirudishie uruti. Akakataliwa. Akaharibu kusudi hatua ya vikundi ili mfumo useme hapana, na Mpokezi akafa pale pale, kwa heshima. Bwana Rudia akacheka! Hakuna aliyewahi kumsikia, kijana wa dirishani alidhani anakohoa, akamletea maji.

Kisha akaorodhesha kila alichobaki nacho Mpokezi. Kimebaki kimoja: ruhusa ya kuandika kwenye chumba chake kidogo anamoweka zile picha ndogo. Nikataka kujitetea. Akasema, "Hiki mwachie. Ukimnyang'anya mtu hata kilicho chake, atafanyaje kazi?"

Akaandika neno moja. "Sawa."

SAWA, MAMA! Nimeajiriwa! Nimelia mbele ya watu kumi na mmoja. Halafu Bwana Rudia akainuka akaenda kuchemsha chai yeye mwenyewe, kwa sababu anasema aliyechelewa kuona naye alipe, na kosa lile lile aliwahi kulifanya ujanani na likakaa miaka miwili bila mtu kujua. Chai yake haina tangawizi, haina sukari, na sidhani kama ina majani. Tuliinywa yote.

Aliniuliza nililionaje kosa hatimaye. Nikasema nimeonyeshwa na mama yangu. Akauliza mama anafanya kazi wapi. Nikasema amestaafu. Akafikiri, akasema, "Mwulize kama anatafuta kazi."

Nakuja mwisho wa mwezi. Nina zawadi. Sasa niambie, mgongo umeumizwa na nini?

Kitinda wako, mwajiriwa


25 Juni

Kitinda wangu,

Marahaba mara elfu moja. Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama barabarani, mwenye baiskeli akanipigia kengele, nikampungia mkono nikidhani naye ananipongeza. Mwambie mzee wako sitafuti kazi, ila chai yake anaweza kuniletea nimwonyeshe kosa.

Sasa mgongo.

Siku ile nilipokwisha kukabidhi nilienda nyumbani kichwa juu. Nimefika mlangoni, naingiza mkono kwenye mkoba mweusi, mkoba mtupu. Ufunguo wa nyumba yetu, Kitinda. Miaka yote thelathini na moja ulikuwa kwenye pete ya pili ya chuo, kati ya wa maktaba na wa karakana. Nimezoea mkono uujue, macho hayajui. Nimeukabidhi kwa sahihi na tarehe.

Nikarudi getini. Hilo ndilo lilikuwa jaribio lako, sikulipanga. Mlinzi akasema, "Mama, wewe ni mgeni, na mwenyeji wako yuko kwenye kikao mpaka saa kumi." Nikamwambia nataka ufunguo wa nyumbani kwangu tu. Akasema, "Kaa hapo kwenye benchi, Mama, akitoka nitamwambia." Ilikuwa saa nane.

Nikakaa. Lile lile benchi lako. Nikaona jinsi lango linavyofunguka watu wanapita, na kila anapotoka mtu unainua shingo ukidhani ndiye, na siye. Jua linahamia miguuni kidogo kidogo. Mlinzi anakuonea huruma, na huruma yake inakukera. Nilikaa saa mbili nzima. Wewe ulikaa hapo kila siku tangu darasa la kwanza, na mimi nilikuwa nakuja na ufunguo mkononi nikisema, "Umesubiri sana?" na wewe unasema, "Hapana, Mama." Nilikuwa na funguo arobaini na nne, mwanangu, sikuwahi kukupa hata mmoja. Nilidhani natunza. Nisamehe.

Saa kumi Binti Mpya akatoka mbio, ufunguo ameuinua juu. Kabla ya kikao alikuwa amehesabu upya akapata arobaini na nne, akaujaribu kwenye kila mlango wa chuo, hata wa choo, haukufungua. "Mama," akasema, "huu si wetu."

Nimeupeleka kwa fundi wa kuchonga funguo. Wa pili umo ndani ya bahasha hii, umefungwa kwa karatasi usitoboe. Ni wako. Ukija usipige hodi.

Mama